Mkaa Kochini Ameivunja Ludo Yetu

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote mnaosaidiana kulitoa gazeti kila asubuhi likiwa bado na joto la mashine. Mimi si mzima sana, na ndiyo sababu naandika.

Kwanza nijitambulishe, maana mtu asiyejulikana akilalamika huitwa mchokozi. Mimi ni fundi miwani. Duka langu ni chumba kimoja chenye mlango wa kioo, kabati la fremu, kioo cha kujitazamia, na meza yenye taa ninapokaa kusaga lenzi na kutafuta skrubu ambazo zikianguka hata sumaku huzitafuta kwa unyenyekevu. Gazeti lako silinunui kwa mapenzi, uniwie radhi. Nalinunua kwa sababu herufi zake ni ndogo na zimepigwa vizuri. Mteja akishavaa miwani mpya ya kusomea, nampa gazeti asome kwa sauti, nami nasikiliza anakokwama. Akikwama, lenzi ina kasoro. Asipokwama, tunaagana.

Sasa basi, ukurasa wenye herufi ndogo kuliko zote ni ule wa nyuma, wenye safu iitwayo "Maoni ya Kupita", inayoandikwa na mtu wenu anayejiita Mkaa Kochini. Humo hutoa maoni yake juu ya filamu, tamthilia za televisheni, katuni na michezo ya mezani, sentensi mbili huku, moja kule, kama mtu anayekula chungwa huku akitema mbegu. Wateja wangu karibu wote wameyapata macho yao mapya juu ya maneno yake. Nimemsikia Mkaa Kochini kwa sauti ya mkunga, kwa sauti ya dereva wa lori, kwa sauti ya mwalimu wa kwaya na ya bwana mmoja asiye na meno ya mbele, na kwa sauti zote hizo ni mtu yuleyule. Hajali.

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Wa Mkaa Kochini hauna hata mwenyewe. Nitaeleza madhara yake kwa mpangilio, ili usije ukasema nimeandika kwa hasira. Hasira nilikuwa nayo mwanzoni. Sasa nina utaratibu.

1. Kuhusu filamu ya kituo cha mafuta.

Mke wangu ni msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali. Kutwa yuko katikati ya mashine zinazounguruma kiasi kwamba yeye na wenzake husemezana kwa mikono. Akitoka kazini anatamani kusikia sauti ya binadamu. Mimi, kwa upande wangu, kutwa nauliza watu: hapa unaonaje, na hapa, ipi bora, ile ya kwanza au hii? Jioni nikifika nyumbani maswali yameniishia na majibu pia. Hilo halikuwa tatizo. Tulikuwa tumelikubali bila kukubaliana, kama zilivyo ndoa nyingi nzuri.

Siku moja mke wangu alipita dukani kuniletea chakula cha mchana, akamkuta mkunga mstaafu akijaribu miwani. Mkunga akasoma, bila kukwama hata kidogo, maoni ya Mkaa Kochini juu ya filamu ya mume na mke wanaoendesha kituo cha mafuta kando ya barabara isiyopitiwa na magari. Aliandika hivi: "Filamu nzuri. Mume ni wa aina ile ambayo ukimuuliza jambo hujibu 'mm', na usipomuuliza hujibu 'mm' vilevile."

Mke wangu alicheka. Mkunga naye akacheka. Mimi nilifurahi, kwani lenzi zilikuwa zimekaa sawasawa.

Jioni mke wangu akaniuliza kama nimeyasikia yale ya filamu. Kwa kuwa hii ni barua rasmi, siwezi kuficha nilichojibu. Nilijibu, "Mm."

Tangu hapo, Ndugu Mhariri, sijapata raha. Nikiulizwa kama nimeshiba, kabla sijafungua kinywa, naona nyusi za mke wangu zinapanda na kungoja. Ile filamu sijaiona. Yeye hajaiona. Watu wawili ambao hawajaona filamu wamekaa mezani wakigombana kwa ajili ya muuza mafuta ambaye hajawahi kuzaliwa. Nakuuliza kwa heshima: hiyo ni haki?

2. Kuhusu katuni ya mpishi wa meli.

Hii nitaisema kwa ufupi kwa sababu inaniuma. Katuni ile inatoka katika gazeti lenu wenyewe, na Mkaa Kochini akaisema vibaya katika gazeti hilohilo, jambo ambalo ni sawa na mtu kutema mate kwenye sahani anayolia chakula. Alisema mpishi yule amekuwa akipakua kichekesho kimoja tangu meli ing'oe nanga, na kwamba kimeshachacha. Mimi nilikuwa na vipande vya katuni ile nimevibandika kando ya kioo cha kujitazamia, ili mteja akijiona na miwani kwa mara ya kwanza apate pa kugeuzia macho. Nilivipenda. Sasa nikivitazama naona kichekesho na mifupa yake yote. Nimevibandua. Pamebaki alama nyeupe ukutani, na wateja wananiuliza palikuwa na nini.

3. Kuhusu tamthilia ya hospitali.

Mimi na mke wangu tulikuwa tukiitazama kila jioni baada ya taarifa ya habari. Sitasema ilikuwa nzuri. Mke wangu, anayezijua shuka za hospitali kwa kuzifua, alikuwa akisema daima kwamba hakuna wodi duniani yenye shuka nyeupe namna ile. Lakini alikuwa akiyasema hayo akiwa amekaa karibu nami, na sahani ya karanga ikiwa katikati yetu, na daktari mkuu akiendelea kupoteza kumbukumbu zake.

Ndipo dereva wa lori alipokuja kuchukua miwani yake, akasoma kwamba watazamaji wa tamthilia hiyo ni kama watu walio kwenye foleni: hawabaki kwa kuwa wanataka, wanabaki kwa kuwa wameshasimama sana. Kosa langu, kama lipo, ni kwamba nililirudia neno hilo nyumbani, kwa kuwa nilikuwa natafuta la kusema zaidi ya "mm". Mke wangu akanyoosha mkono akaizima televisheni.

Tukabaki tumekaa. Katika kile kimya tukaisikia friji. Friji ile tumeishi nayo miaka na miaka, Ndugu Mhariri, na sikuwa najua kuwa ina sauti. Inaanza kwa kuguna, halafu inatetemeka, halafu inanyamaza ghafla kama mtu aliyeingiliwa mazungumzo yake. Tuliisikiliza mpaka tukaenda kulala. Ilikuwa na mengi kutuzidi.

4. Kuhusu ludo, ambayo ndiyo kiini cha barua hii.

Naomba uketi.

Ludo yetu tulipewa na mama mkwe wiki tuliyooana. Ubao wake umekunjwa na kukunjuliwa mpaka ule mstari wa katikati umekuwa mweupe. Kete moja nyekundu ilipotea, mahali pake pakawekwa kifungo cha shati langu la harusi, nacho kimecheza vizuri kuliko kete zote. Tukishakula, mke wangu hufuta meza, mimi naleta ubao, tunatupa dadu. Yeye huchukua kijani na bluu, mimi nyekundu na njano. Akinila, hunitazama juu ya miwani yake. Nikimla, hujifanya hajaona. Hatusemi. Kuna haja gani ya kusema, wakati kifungo cha shati kinamfukuza mtu nusu ya ubao?

Jioni moja gazeti nilikuwa nimelibeba nyumbani kufungia fremu zilizovunjika. Mke wangu akalikunjua, akaweka zamu yake kando, akasoma mwenyewe, kwa miwani niliyomtengenezea kwa mikono yangu: "Ludo. Mchezo mzuri kwa watu walioishiwa maneno."

Hayo tu. Sentensi moja, na nusu yake ni jina la mchezo. Kisha Mkaa Kochini akaingia kwenye filamu ya maharamia.

Mke wangu aliiweka dadu chini taratibu, kama yai.

"Hivi na sisi," akaniuliza, "tumeishiwa?"

Sasa fikiria, Ndugu Mhariri. Mimi nilikuwa nimebakiza hatua chache kuingiza kete ya mwisho nyumbani. Akili yangu yote ilikuwa kwenye ubao. Nikamjibu kwa nia njema kabisa, "Tumeishiwa nini? Sukari?"

Aliukunja ubao kete zikiwa juu yake. Zilitawanyika sakafuni, na kifungo kikaenda chini ya kabati, ambako kipo hadi leo. Asubuhi yake alifungasha begi dogo akaniambia anakwenda kwa dada yake kwa muda, kupumzisha masikio. Nikamwambia masikio yake hapa nyumbani hayasumbuliwi na mtu. Akasema ndiyo maana yamechoka.

5. Kuhusu mchezo wa reli.

Ungedhani mambo yangeishia hapo. Hapana. Mkaa Kochini alikuwa ameshafika kwa shemeji yangu kabla ya mke wangu.

Shemeji ni mwalimu wa watoto wadogo. Mumewe, ambaye ni mwanyumba wangu kwa kuwa tumeoa ndugu, ni fundi bomba. Wote wawili ni watu wapole, wasiojua kupandisha sauti. Kumbe walikuwa wamesoma katika safu hiyohiyo juu ya mchezo mpya wa mezani wa kujenga reli, wenye ramani, vibehewa vya plastiki na kijitabu cha kanuni kinene kama kamusi. Mkaa Kochini aliusifu: "Huu sasa ndio mchezo wa kuikutanisha familia." Wakauleta ndani ya nyumba.

Nilipokwenda kumfuata mke wangu nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima nilikuwa nakariri mambo ya kuzungumza. Nilikuwa na jambo la hali ya hewa, jambo la mteja anayelalamika kwamba miwani yangu inamwonyesha mno, na jambo la bei ya gundi. Nilibisha hodi nikiwa nimejaa maneno mpaka kooni.

Nikakuta nyumba imegawanyika. Shemeji alikuwa amepitisha reli yake mbele ya stesheni ya mumewe, kitendo kinachoruhusiwa na kanuni lakini kisichoruhusiwa na moyo. Mwanyumba alikuwa amesusa kusema na mkewe moja kwa moja. Kila alichotaka alikipitisha kwa mke wangu. "Mwambie mwenye reli anipe chumvi," anasema. Shemeji anajibu, "Mwambie mwenye stesheni chumvi iko mbele yake." Na mke wangu, katikati, anapeleka na kurudisha, anapunguza ukali hapa, anaongeza utani pale, uso wake uking'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Sijamwona akisema maneno mengi namna ile tangu tulipochumbiana. Hakuna mashine inayounguruma, na watu wawili wazima hawawezi kupeana chumvi bila yeye. Kwa nini arudi kwangu?

Niliona nafasi ndogo ya kimya, nikaitumia. Nikasema, "Leo kuna mawingu."

Wote watatu waligeuka kutazama dirishani. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba paka wa jirani alikuwa amejificha chini ya beseni. Mwanyumba akamwomba mke wangu aniulize kama sijambo.

Mke wangu alinisindikiza hadi getini. Yeye huniita Fundi, kama waniitavyo wote. "Fundi," akaniambia, "mimi sitaki hotuba. Siku ukija tena, njoo na neno lako mwenyewe. Hata likiwa baya."

Nilichomjibu sitakiandika. Nitasema tu kwamba kilikuwa na herufi mbili, na herufi zenyewe zinafanana.

6. Kuhusu madhara kwa biashara.

Baada ya tukio hilo nilishindwa kuvumilia kumsikia Mkaa Kochini dukani, nikaamua wateja wasome ukurasa mwingine. Ukurasa mwingine wenye herufi ndogo ni ule wa matangazo ya vifo. Matokeo yake watu wanatoka kwangu wakiwa na macho safi na mioyo mizito. Mwalimu wa kwaya, aliyekuwa amerudi kubadilishiwa lenzi, dakika ileile aliyoweza kusoma kwa mara ya kwanza bila kukunja uso, alisoma kwamba mwenzake wa darasa moja ametangulia. Alikaa kwenye kiti changu mpaka chai ikapoa. Mwisho alivua miwani, akaikunja, akasema labda si lazima aone kila kitu. Hiyo nayo naiweka kwenye hesabu ya Mkaa Kochini.

Sasa, Ndugu Mhariri, kama mtu mwenye kuelewa, utaona mwenyewe mnyororo huu ulivyo. Mtu mmoja amekaa kochini, amenyoosha miguu, pengine anakula, na anasema jambo la kwanza linalomjia. Jambo hilo linapita kwa mkunga, linapita kwa dereva, linaingia nyumbani kwangu, linazima televisheni, linaifanya friji iongee, linakunja ludo, linamhamisha mke, linawafanya wapole wawili wasipeane chumvi, na mwisho linamliza mwalimu wa kwaya. Kama si hatari hiyo, hatari ni nini? Mimi nikitaka kumpa mtu lenzi, nampima jicho la kulia, nampima la kushoto, nampima yote mawili, namrudisha nyuma, namwita mbele. Siwezi kumpa mtu miwani ya kupita. Iweje basi mtu atoe maoni ya kupita, na watu wayavae machoni siku hiyohiyo na kutembea nayo barabarani?

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo. Mtu yeyote asiruhusiwe kutoa maoni juu ya filamu kabla ya kuiona mara mbili, ya kwanza akiwa amekaa na ya pili akiwa amesimama, kwa kuwa kochi humlainisha mtu hukumu. Maoni juu ya tamthilia yatolewe mbele ya shahidi aliyeoa au kuolewa, atakayesema kama yanafaa kusikika nyumbani. Anayetaka kusema vibaya juu ya katuni achore yake kwanza. Na kwa michezo ya mezani, msemaji aonyeshe kwamba amewahi kushindwa angalau na mtu mmoja anayempenda, bila kukasirika. Kama itawezekana, wakubwa wafungue ofisi ya kupima maoni, yenye dirisha na foleni, ambako maoni yatagongwa muhuri kabla ya kutoka. Yasiyopita yarudi kwa mwenyewe akayalalie.

Naomba pia gazeti litoe masahihisho, mahali palepale na kwa herufi zilezile: "Ludo ni mchezo wa watu wenye maneno mengi ambao wana adabu ya kuyatunza."

Na mwisho, kwa kuwa haki bila fidia ni salamu tu, naomba Mkaa Kochini mwenyewe aje nyumbani kwangu. Aje na maneno yake. Akae upande wa kijani na bluu, upande wa mke wangu, kila jioni, mpaka mke wangu atakaporudi. Sitamtendea vibaya. Atakula nikilacho. Lakini nataka aisikie ile friji.

Nisalimie wapiga chapa, wasahihishaji, mama anayejibu simu yenu kwa upole hata mtu akiwa amekosea namba, na kijana wa utabiri wa hali ya hewa, ambaye sasa namwonea huruma zaidi kuliko zamani. Mchoraji wa mpishi wa meli mwambie asikate tamaa, vipande vyake nimevihifadhi kwenye boksi la fremu.

Ni mimi, mwenye kuwaonesha watu ya mbali na ya karibu,

Fundi Miwani,
duka la mlango wa kioo, mkabala na kituo cha zimamoto.

N.B. Ndugu Mhariri, kabla hujafanya lolote kuhusu hayo ya juu, tafadhali soma hapa kwanza.

Nilikuwa njiani kuipeleka barua hii posta nikakutana na mwanyumba wangu. Alinishika mkono akaniomba, kama mtu anayeomba maji, nimtoe mke wangu mle ndani kwa mchana mmoja tu. Anataka kumwangukia mkewe yaishe, lakini hawezi. Akasema mwanamume hawezi kumwomba mkewe radhi kwa mkalimani. Nikaona ana hoja. Nikarudi naye, nikamwambia mke wangu twende tukatazame filamu ya mchana. Akachukua kitenge chake.

Taa zilipozimwa nikatoa mfukoni miwani ya kutazamia mbali, nikavaa, nikagundua si yangu. Ni ya dereva wa lori. Nilikuwa nimeikaza skrubu asubuhi, nikaitia mfukoni, na yangu nimeiacha mezani. Nikaona haya kusema. Basi filamu nzima niliitazama kama mtu anayechungulia ndani ya sufuria ya uji. Kulikuwa na daraja. Kulikuwa na mlinzi wa daraja, na mwanamke mwenye nguo nyekundu, na mtoto mdogo aliyekuwa akikimbia huku na huku akipiga kelele. Zaidi ya hapo siwezi kuapa.

Tulipotoka juani, mke wangu akaniuliza nimeionaje.

Sijui yalitoka wapi. Nilifungua kinywa nikasema mlinzi yule ni mzembe, mwanamke angevuka daraja tangu mwanzo na sote tungerudi nyumbani mapema, na yule mtoto hakuwa na malezi.

"Mtoto gani?" mke wangu akauliza. "Yule ni mbwa."

Nikasema basi mbwa yule hakuwa na malezi.

Alisimama katikati ya njia. Akasema mlinzi hakuwa mzembe, alikuwa akingoja, na kungoja ni kazi. Nikasema kungoja si kazi, ni kukosa kazi. Akasema ningelijua hilo ningekuwa nimemfuata kwa dada yake siku ya kwanza. Nikasema nilikuwa natafuta la kusema. Akasema, sasa hili la mbwa umelitafuta wapi? Tulibishana mpaka kwenye soko, tukabishana tukinunua vitunguu, na muuza vitunguu akaegemea upande wa mlinzi bila kuiona filamu. Nyumba ya shemeji tuliipita bila kuiona. Tulishtuka tumefika mlangoni kwetu na mimi ndiye natafuta funguo.

Kwa sababu hiyo nayaondoa maombi yangu yote, pamoja na ofisi na muhuri wake. Mkaa Kochini asije, hatuna nafasi. Badala yake naomba umkabidhi haya ayachapishe katika safu yake kwa jina langu: "Filamu ya daraja. Si mbaya. Mlinzi mzembe, mbwa hakufunzwa." Sikusudii kuiona tena, kwani nikiiona vizuri huenda nikabadili mawazo, na kwa sasa nayahitaji yalivyo. Hilo la miwani ya dereva libaki kati yako na mimi.

Halikubaki. Mke wangu kumbe amesimama nyuma ya kiti changu, na amesoma. Amecheka mpaka akashika meza. Sasa anauliza kama mle gizani niliweza kumwona hata yeye. Nimemjibu, Ndugu Mhariri, na jibu limekuwa refu kiasi kwamba siwezi kukuandikia, kwa sababu bado sijalimaliza.